Shokapu za Gari la Marehemu



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, akina mama na akina baba, huenda mkastaajabu wiki hii kuona safu iliyozoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa na swala ikizungumza juu ya vyuma na mafuta. Tunawaomba mtuvumilie. Dini yetu haikuacha kitu cha maisha ya mja pasi na hukumu, na mara nyingi mtihani wa ucha Mungu haumjii mtu msikitini, bali humjia dukani, katika gereji, au katika kugawana kile alichokiacha marehemu. Jambo tutakalolieleza lilitukuta wenyewe, nasi tumeruhusiwa na wahusika kulisimulia bila ya kuwataja majina, ili wengine wafaidike.

Tulisafiri kwenda Nairobi katika mwezi wa Shaaban kumzuru binti wa ami yetu, aliyeolewa miaka mingi iliyopita huko Makina, katika Kibera. Mumewe alikuwa amefariki, na yeye ndiyo kwanza alikuwa ametoka edda. Wengi wasioijua Kibera huisikia kwa habari ya mabanda tu, na husahau kwamba msingi wake ni wa Waislamu. Waliokaa pale mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudani, waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Na jina lenyewe la mahali hapo latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wazee wao walidai hati ya ardhi kwa miongo mingi, hadi mwaka 2017 walipokabidhiwa hati ya jumuiya ya ekari 288. Watu wa Makina, basi, wanajua kuliko wengi wetu taabu ya kukaa juu ya mali ambayo haki zake hazijaandikwa.

Nje ya nyumba palikuwa na gari la marehemu, Toyota Celica ya mwaka 1996, ya milango miwili, fupi na ya chini, ambayo rangi yake nyekundu ilikuwa imepaushwa na jua. Marehemu aliinunua mwaka 2003, akaipenda mapenzi makubwa. Leo sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, kwa hivyo magari ya namna ile yaliyobaki ni yale yaliyoingia zamani, na spea zake huzidi kuadimika mwaka hadi mwaka.

Marehemu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka 24, na mabinti wawili, mkubwa wa miaka 20 na mdogo wa miaka 11. Yule kijana alikuwa na azma ya kuwaendesha mama yake na ndugu zake hadi Mombasa kwa Idi, kwa gari lile la baba yao. Mama akakataa katakata.

“Kaka,” alituambia, “mimi simo. Gari lile likipita tuta hucheza kama mashua. Na huyu mdogo kila akipanda nyuma hutapika.”

Kijana akacheka kwa adabu. “Mjomba, gari ni zima. Mama anaogopa mwendo tu.”

Tulipanda sisi wenyewe, tukakaa kiti cha nyuma, na hatukufika mbali tukajua kwamba mama ndiye msema kweli. Anayeshika usukani huona njia na mwili wake hujiandaa, lakini aliyekaa nyuma hana habari, hutupwa tu. Mara nyingi, wasomaji wetu, abiria wa nyuma ndiye wa kwanza kujua ugonjwa wa gari, naye mara nyingi ni mwanamke au mtoto, na maneno yake hayasikilizwi.

Tukaulizana ni nini. Jirani mmoja akatuelekeza kwa fundi mtu mzima mwenye gereji yake Kawangware, ng'ambo ya barabara ya Ngong, si mbali na barabara ya Naivasha. Fundi huyo si Muislamu, lakini tulimkuta na uaminifu ambao tungependa kuuona kwa kila Muislamu. Alibonyeza kila pembe ya gari kwa nguvu akaiachia, akachungulia chini, akapitisha kiganja juu ya matairi, kisha akatuita tuone. Kwenye shokapu mbili za nyuma palikuwa na utandu wa mafuta meusi ulioshika vumbi. Juu ya tairi palikuwa na vibonde, hapa pameliwa, hapa hapakuliwa, kana kwamba tairi lilikuwa likiruka badala ya kuviringika. Na kwa hakika lilikuwa likiruka.

“Sheikh,” alisema, “springi ndiyo inabeba gari. Shokapu haibebi, kazi yake ni kuituliza springi. Hizi zimekufa zote nne.”

Maneno hayo machache ndiyo elimu yote, nasi tutayafafanua kidogo kwa ajili ya wale ambao, kama sisi, hawakufundishwa mambo haya chuoni. Springi ikikandamizwa na shimo hujirudi, na ikijirudi hupitiliza, ikashuka tena na kupanda tena. Pasipo wa kuituliza, gari lingeendelea kupanda na kushuka mara kadhaa baada ya kila tuta. Shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba, ni mrija uliojaa mafuta mazito, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Pistoni ikienda juu na chini mafuta hulazimika kupita kwa shida katika vitundu vile, na nguvu ya mshtuko hugeuka kuwa joto, nalo joto huondoka na upepo. Sili ya mpira ikichoka, mafuta huvuja. Vali zikilika, mafuta hupita bila ya kuzuiwa. Kwa macho shokapu ipo, lakini kwa kazi haipo.

Na madhara yake si starehe peke yake. Tairi linaloruka haligusi lami, na tairi lisilogusa lami halishiki breki wala halitii usukani. Gari huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama, huyumba likikata kona, na pua yake huzama dereva akikanyaga breki. Ongeza hapo njia ya Mombasa usiku, na malori yanayofuatana, na familia nzima ndani. Hapo mtu hana tena ruhusa ya kusema kwamba ametawakali. Mnaijua habari ya bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru kisha amtegemee Mungu, akaagizwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Kuziangalia shokapu kabla ya safari ni katika kumfunga ngamia.

Tukarudi Makina kushauriana, na hapo pakazuka maswali mawili: zinunuliwe shokapu gani, na zinunuliwe kwa fedha ya nani? Swali la kwanza ni la fundi na la pili ni la sharia, na mtaona kwamba jawabu la moja lilitegemea jawabu la lingine.

Tuanze na la kwanza. Kijana alitaka shokapu ngumu kabisa za mashindano, pamoja na springi fupi za kulishusha gari zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba Celica ni gari la mashindano ya Safari. Ni kweli, nasi tulioishi miaka hiyo tunakumbuka. Mashindano yale yaliyoanza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yakifanyika siku za Pasaka, yalishindwa na Celica mwaka 1984, Björn Waldegård akiwa dereva. Ikashinda tena mwaka 1985 na 1986, na zaidi ya hapo katika miaka ya 1990, na mwaka 1994 aliyeshinda nayo alikuwa Ian Duncan wa hapa hapa Kenya. Lakini tulimkumbusha kijana jambo moja. Magari yale ya Safari yaliinuliwa, hayakushushwa. Yalipewa shokapu zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa sababu njia zetu zina mashimo, mawe na makorongo. Atakayelishusha gari kwa ajili ya mitaa ya Kibera na Kawangware, yenye matuta kila hatua, hakuiga Safari, ameiga picha ya mahali pengine ambako njia ni laini kama kioo.

Fundi alitupa njia tano, nasi tunazieleza kama tulivyozifahamu.

Ya kwanza ni shokapu zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani. Bei yake huvutia, na muuzaji atakuapia kwamba ni za asili. Huenda ni za asili kweli, lakini zimetoka katika gari la umri uleule wa lako. Mpira wa sili huzeeka hata ukikaa kabatini. Mwenye kununua shokapu ya mwaka 1996 kuponya shokapu ya mwaka 1996 amebadilisha mgonjwa kwa mgonjwa.

Ya pili ni shokapu zilizofufuliwa, yaani zile zilizokufa zikatobolewa, zikatiwa mafuta na gesi, zikachomelewa, zikapakwa rangi. Zimo shokapu ambazo watengenezaji wake walizikusudia zifunguliwe na kukarabatiwa na mtu mwenye vifaa na vipimo vyake. Zile za kawaida hazikuundwa hivyo, na vali iliyolika haiponi kwa kuongezewa mafuta. Hukaa sawa kwa muda mfupi kisha hurudi kule kule, pengine katikati ya safari.

Ya tatu ni shokapu mpya za kawaida, zenye mrija ndani ya mrija, na gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo ili mafuta yasitoe povu. Povu ndilo adui wa shokapu katika njia mbovu, maana mafuta yakichanganyika na hewa hayazuii kitu. Kampuni ya Kayaba ya Japani, ambayo alama yake ni KYB, ni mojawapo ya zinazotengeneza namna hii, na magari mengi ya Japani hutoka kiwandani nazo. Ni laini kiasi, huvumilia matuta, na mrija wa nje ukipigwa na jiwe ukabonyea kidogo, pistoni iliyomo katika mrija wa ndani huendelea na kazi yake.

Ya nne ni zile za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa, ambayo hutengwa na mafuta kwa pistoni ya pili inayoelea. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani imejulikana kwazo tangu miaka ya 1950. Hupoa upesi, hazitoi povu, na hulishika gari vizuri katika mwendo. Lakini kwa mwendo mdogo juu ya matuta huwa ngumu kwa abiria, na kwa kuwa katika nyingi kati yake pistoni husugua mrija ule ule wa nje, pigo la jiwe linaloubonyeza laweza kuiharibu shokapu nzima. Bei yake nayo ni ya juu.

Ya tano ni zile zinazorekebishika, kama baadhi ya zile za Koni ya Uholanzi, ambazo mwenye gari huweza kuzikaza au kuzilegeza. Ni nzuri kwa anayejua anachokifanya na aliye na gari ambalo viungo vyake vingine ni vizima.

Na hapo ndipo fundi alipoweka sharti lake. Gari la miaka ile, alisema, lina bushi zilizopasuka, na mipira ya juu ya shokapu imekauka. Shokapu ngumu ikifungwa juu ya bushi mbovu, kishindo chote ambacho zamani kilimezwa na mpira kitakwenda kwenye viungo na kwenye bodi. Kwa hivyo fedha ya kununua shokapu za anasa ni afadhali igawanywe, inunue shokapu za wastani pamoja na bushi na mipira yake ya juu. Pia zibadilishwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, wala isibadilishwe moja peke yake, kwani gari litavutia upande mmoja.

Sasa tuwaambie yaliyotupata sokoni. Tulikwenda na kijana hadi upande wa barabara ya Kirinyaga, penye maduka mengi ya spea. Muuzaji mmoja alituonyesha shokapu mbili za mbele zilizotumika, zinang'aa, akasema, “Hizi ni za Celica, mzee, funga macho uchukue.” Kijana alikuwa tayari kutoa pesa. Tukampigia fundi simu, akatutaka tusome nambari ya chasisi kwanza. Kumbe baadhi ya Celica za miaka ile zilizouzwa ndani ya Japani zilikuwa na mfumo wa mbele wa namna ya pekee ulioitwa Super Strut, na shokapu zake haziingiliani na za Celica ya kawaida, japokuwa gari kwa nje ni lile lile. Zile tulizoonyeshwa zilikuwa za mfumo ule, na gari letu halikuwa nao. Hatujui kama muuzaji alijua au hakujua, nasi hatumtaji wala hatumhukumu. Lakini somo ni hili: usinunue shokapu kwa jina la gari. Nunua kwa nambari ya chasisi, na ikiwezekana nenda na ile iliyofunguliwa mkononi.

Hapa yafaa tusimame kidogo kwa ajili ya ndugu zetu wafanyabiashara. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu ndani, ilhali juu palikuwa pakavu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu watu wakauona, na akaonywa kwamba mwenye kughushi hayumo katika kundi la waumini wa kweli. Shokapu iliyopakwa rangi mpya juu ya ugonjwa wake ni nafaka ile ile. Kuuza kitu kilichotumika si haramu, wala kuuza kilichofufuliwa, maadamu mnunuzi ameambiwa. Haramu ni ile rangi inayosema uwongo. Na mafakihi wetu wamempa mnunuzi haki iitwayo khiyari ya aibu: akikuta katika bidhaa aibu ya zamani ambayo hakuambiwa, anayo haki ya kuirudisha na kurudishiwa fedha yake, sharti asikawie baada ya kuijua. Kwa hivyo akina mama, dai risiti, na risiti iandikwe kitu ni kipya au kimetumika. Risiti ni shahidi wako hapa duniani.

Tuje kwenye swali la pili, ambalo kwetu ndilo lililokuwa zito. Kijana alisema, “Mjomba, baba aliacha akiba kidogo. Tutatoa humo.” Alisema kwa moyo mweupe. Alikuwa akilitumia gari tangu baba yake afe, akilitia petroli kwa mshahara wake, na alijiona kama mlinzi wake. Lakini tulimuuliza, “Gari hili ni la nani?” Akanyamaza.

Marehemu alipokufa, baada ya gharama za mazishi na madeni yake, kila alichokiacha kilihamia kwa warithi papo hapo, hata kama kitabu cha gari kingali na jina lake. Wazazi wa marehemu walikuwa wamemtangulia. Kwa hivyo mke ana thumuni, yaani sehemu moja katika nane, na saba zilizobaki ni za watoto, mwanamume akipata sawa na fungu la wanawake wawili. Tukiigawa mali katika mafungu 32, mama ana 4, kijana ana 14, na kila binti ana 7. Hesabu hii huingia hata katika shokapu. Tuseme kwa mfano kwamba kazi nzima ingegharimu shilingi 64,000, zikitolewa katika akiba isiyogawanywa: mama angekuwa ametoa 8,000, kijana 28,000, na kila dada yake 14,000. Mama na binti mkubwa wana akili timamu na wamebaleghe, wanaweza kuridhia. Binti mdogo ni yatima. Hata akisema ndiyo, ndiyo yake haihesabiki, na yeyote anayesimamia mali yake hana ruhusa ya kuitumia ila kwa maslahi yake. Katika Surat an-Nisaa mna onyo juu ya wanaokula mali ya mayatima ambalo kila mwenye kulisoma hutetemeka. Hatudhani kwamba yeyote katika nyumba ile alikuwa akila mali ya yatima kwa kukusudia. Lakini mali ya yatima mara nyingi hailiwi na mwizi. Huliwa na ndugu ampendaye, kidogo kidogo, bila ya hesabu.

Tulitenganisha matumizi ya namna mbili. Lile linalohitajiwa ili mali isiharibike na isimdhuru mtu, kama kutengeneza breki au shokapu za kawaida kabla ya kuliuza gari, laweza kutolewa na warithi wote kwa kadiri ya mafungu yao, kwa sababu faida yake huwarudia wote. Lakini tofauti ya bei kati ya shokapu za kawaida na zile za mashindano ni raha ya mtu mmoja, na raha ya mtu mmoja hailipwi na yatima. Tukamwambia pia jambo ambalo hakulitarajia: kwamba kwa kulitumia gari peke yake miezi ile yote, alikuwa akitumia mafungu 18 yasiyokuwa yake. Mama na dada yake mkubwa waweza kumsamehe, lakini fungu la mdogo lina ujira wake.

Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu. Tulidhani amekasirika. Kisha akasema, “Mjomba, mimi sikujua. Nilidhani namfanyia baba wema.” Machozi yakamtoka, na mama yake naye akalia, nasi hatukuwa na la kusema kwa kitambo. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba tangu mwanzo hakuwa akiing'ang'ania Celica, bali kiti ambacho baba yake alikikalia.

Suluhu ilikuwa hii. Gari lilithaminiwa na watu wawili wasiohusika, kama lilivyo, na shokapu zake zilizokufa. Kijana aliyanunua mafungu ya wenzake kwa thamani ile. Mama alimsamehe fungu lake kwa hiari yake. Dada mkubwa aliridhia kulipwa kidogo kidogo. Fungu la mdogo, pamoja na ujira wa miezi iliyopita, lililipwa kwanza na kwa ukamilifu, na likawekwa mahali pa kulindwa hadi atakapofikia utu uzima. Yote yakaandikwa na kushuhudiwa, na familia ikashauriwa kwenda katika Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika kifungu cha 170 imeipa mamlaka ya mirathi kwa Waislamu, ili mambo yao yote yathibitishwe na gari liandikwe upya kwa njia ya sheria. Msingoje, wasomaji wetu, hadi ugomvi uingie ndipo mwende kwa Kadhi. Nendeni mkiwa mnapendana.

Sasa gari likawa lake, na fedha ya shokapu ikawa yake, na alikuwa huru kununua alizozitaka. Alikwenda kwa fundi wa Kawangware peke yake. Aliporudi alituambia amechagua zile mpya za kawaida, nne, pamoja na bushi na mipira ya juu. Tulipomuuliza kwa nini ameacha zile ngumu, alisema, “Nyuma anakaa mama.”

Fundi alizifunga kwa siku moja. Alitumia kifaa halisi cha kuibana springi, si waya wala kamba, kwani springi iliyobanwa ikifyatuka huweza kuua mtu. Boliti za bushi alizikaza mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, ili mpira usikae umejipinda. Kisha akalipeleka gari kupangiliwa magurudumu, na akamwagiza kijana arudi baada ya kilomita mia chache akague nati. Zile za zamani alizirudisha zote nne bila ya kuombwa.

Tunamalizia kwa nasaha fupi kwa akina mama, maana wengi wenu mna magari, au mnapanda magari ya waume na watoto wenu. Bonyeza pembe ya gari uiachie: likiinuka na kutulia mara moja, ni vyema, likiendelea kucheza, peleka kwa fundi. Lakini jueni kwamba gari lenye springi ngumu huweza kufaulu mtihani huo hali shokapu zimekufa, kwa hivyo tazama pia mafuta kwenye mrija, pitisha kiganja juu ya tairi usikie vibonde, na sikiliza pua ya gari inavyozama kwenye breki. Ukienda gereji, omba urudishiwe kilichotolewa. Na mtoto anayetapika kila safari, kabla ya kumpa dawa, mwulizeni fundi habari za shokapu.

Na kwa sote: katika kila nyumba iliyofiwa kuna kitu kama Celica ile. Huenda ni cherehani, dau, duka au shamba la minazi. Aketiye karibu nacho hukiona chake, naye si mwovu. Fanyeni hesabu mapema, na anzeni na fungu la aliye mdogo kuliko wote.

Siku mbili kabla ya Idi waliondoka Nairobi baada ya swala ya alfajiri. Walituarifu kwa simu walipotua Mackinnon Road kuswali adhuhuri. Tukauliza habari ya mdogo. Mama yake akasema amelala tangu Voi.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yao, awalinde mayatima wetu wote, na ajaalie chumo letu liwe la halali. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.